Ziwa Escanaba na Wolai Waliopandikizwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Wisconsin

Kaskazini mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, katika kaunti ya Vilas, liko ziwa dogo la ekari 293, sawa na hekta 119 hivi, lililozungukwa na msitu unaomilikiwa na jimbo. Ziwa hilo linaitwa Escanaba. Mvuvi anayefika pale hatupi ndoana kabla ya kupita kwenye kibanda cha ukaguzi na kuchukua kibali, ambacho hatozwi chochote, na akimaliza kuvua ni lazima arudi kibandani kueleza alikaa majini kwa saa ngapi, alikuwa akimtafuta samaki gani na amepata nini. Samaki anaoondoka nao hupimwa urefu mmoja baada ya mwingine, na kila kipimo huandikwa. Utaratibu huo ulianza mwaka 1946, na kwa sababu hiyo ni maziwa machache sana ambayo hesabu ya kilichotolewa majini inajulikana kwa undani na kwa muda mrefu kiasi hicho.

Nimelichagua ziwa hili ili kuchambua suala linalowagusa wasimamizi wa maziwa madogo ya uvuvi ya serikali za majimbo, nalo ni upandikizaji wa samaki ambaye Wamarekani humwita walleye, Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, humwita ogaa, na mimi humu nitamwita wolai. Kila mwaka mamilioni ya vifaranga vyake humwagwa katika maziwa ya kaskazini ya kati ya Marekani kwa gharama inayolipwa na leseni za uvuvi pamoja na ushuru wa serikali kuu unaotozwa kwenye vifaa vya uvuvi chini ya sheria ya Dingell-Johnson ya mwaka 1950. Wananchi huupenda upandikizaji kwa sababu unaonekana kwa macho: gari lenye tangi linafika ufukweni, bomba linafunguliwa, samaki wanaingia majini. Hoja yangu ni kwamba kuna kazi mbili tofauti zinazobeba jina hilo moja. Ya kwanza ni kupanda mbegu, yaani kuleta samaki mahali ambapo watazaa na watoto wao nao watazaa, halafu mkono wa binadamu unaondoka. Ya pili ni kulilisha ziwa kwa kijiko, yaani kuleta samaki mahali ambapo hawatazaa, wakue, wavuliwe, kisha waletwe wengine, na hivyo daima. Kazi zote mbili zina mahali pake. Madhara huanza pale msimamizi anapofanya ya pili akiamini kwamba anafanya ya kwanza, au anapoifanya ya pili juu ya ziwa ambalo tayari lilikwisha kuota lenyewe.

Ili kisa kieleweke ni lazima kwanza tumfahamu samaki mwenyewe. Wolai, kwa jina la kitaalamu Sander vitreus, ni samaki mrefu wa jamii ya pechi, mwenye rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, meno makali, na alama nyeupe kwenye ncha ya chini ya mkia. Jambo linalomtofautisha zaidi ni jicho lake. Nyuma ya jicho hilo kuna utando unaourudisha mwanga, kama ule wa jicho la paka, nao humwezesha kuwinda jioni, usiku, na katika maji yaliyochafuliwa na mawimbi wakati samaki anaowala wanapapasa gizani. Ukimmulika usiku, jicho linawaka. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria huwasha taa ili dagaa wavutwe na mwanga. Waojibwe tangu zamani waliwasha mienge kwa sababu tofauti kabisa, kwamba mwanga unamfichua wolai popote alipo, na Wafaransa walipowaona wakivua hivyo waliliita eneo hilo Lac du Flambeau, maana yake Ziwa la Mwenge. Jina hilo linatumika hadi leo, na liko mwendo mfupi tu kutoka Escanaba.

Wolai huzaa mapema katika majira ya kuchipua, mara tu barafu inapoyeyuka, maji yakiwa na nyuzi kati ya 6 na 10 za Selsiasi. Usiku, madume na majike huja kwenye maji ya kina kifupi penye changarawe na mawe yanayopigwa na mawimbi, mayai na shahawa humwagwa pamoja, na kazi ya wazazi inaishia hapo. Hawajengi kiota wala hawalindi. Jike mkubwa huweza kutoa mayai zaidi ya laki moja, kila moja likiwa na upana wa kama milimita 2, nayo hudondoka katikati ya mawe yakisubiri bahati. Pakiwa na tope badala ya mawe, mayai hufunikwa na kukosa hewa. Yanayosalimika huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu kutegemea joto la maji, na kinachotoka ni kiumbe cha milimita 7 au 8, chembamba kama uzi, kinachopenyeza mwanga, chenye akiba ya kiini cha yai ya siku chache tu. Akiba hiyo ikiisha kabla hakijakutana na wadudu wadogo wa planktoni, kinakufa. Kikikutana nao, kinakua, lakini kila samaki mdogo aliye karibu anakiona kuwa chakula.

Wolai hakuwa mwenyeji wa Escanaba. Aliletwa katika miaka ya 1930, enzi ambayo idara za uvuvi zilipima mafanikio yake kwa kuhesabu vifaranga vilivyomwagwa, si samaki waliobaki. Katika maziwa mengi kazi hiyo ilikuwa sawa na kutwanga maji kwenye kinu. Escanaba ilikuwa tofauti. Vifaranga vilikuta fukwe zenye mawe na changarawe, vikakuta pechi wa manjano wa kuwala, vikakua, vikazaa, na jamii iliyotokana na mbegu hiyo imeendelea kujizalia kwa nguvu zake yenyewe. Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoitaja, na hapa ilifaulu.

Kilichofuata ndicho kilicholifanya ziwa hili kuwa shule. Mwaka 1946 watafiti wa jimbo walilichukua Escanaba pamoja na maziwa manne ya jirani, wakaondoa sheria za kawaida za uvuvi na kuweka kibanda cha ukaguzi badala yake. Hapakuwa na urefu wa chini wa samaki wa kuchukuliwa, hapakuwa na idadi ya juu kwa siku, wala hapakuwa na msimu wa kufungwa. Mtu aliweza kuchukua wolai wa ukubwa wowote, idadi yoyote aitakayo, wakati wowote wa mwaka, mradi tu awapitishe kibandani wakapimwe. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 2003, yaani miaka 57. Mtu angetarajia kwamba ziwa la ekari 293 lililoachwa wazi namna hiyo lingekauka wolai ndani ya muongo mmoja. Halikukauka. Idadi ya wakubwa ilipanda na kushuka, marika yalikuja na kupita, lakini wolai waliendelea kuwapo na kuendelea kuvuliwa, bila sheria za kawaida kuwakinga. Nakiri kwamba kila ninapoirudia habari hiyo inanigusa, kwa kuwa inaonyesha nguvu iliyomo katika jamii ya samaki iliyopata mahali pake halisi pa kuzaa.

Neno rika linahitaji maelezo, kwa maana ndilo msingi wa uchambuzi wote. Samaki wote waliozaliwa katika mwaka mmoja ni rika moja, na katika wolai tofauti kati ya rika na rika ni kubwa mno. Mwaka mmoja ziwa linaweza kujaa vifaranga, na mwaka unaofuata, kwa wazazi wale wale na mawe yale yale, visionekane kabisa. Kipimo chake hufanyika majira ya vuli, wakati vifaranga vya mwaka huo vimekwisha kuwa na urefu wa kiganja au zaidi. Usiku boti hupita polepole kandokando ya ufukwe ikiwa na vyuma vinavyopitisha umeme majini na taa kali mbele. Samaki hupigwa butwaa kwa sekunde chache, macho yao yakimetameta kama makaa chini ya taa, watu wawili walio mbele ya boti huwaokota kwa nyavu za mkono, wakapimwa na kuhesabiwa, kisha wakarudishwa wakiwa hai. Idadi ya vifaranga kwa kila maili ya ufukwe huonyesha ukubwa wa rika.

Mwaka 1998 watafiti walichapisha uchambuzi wa vipimo vya namna hiyo vya Escanaba kuanzia mwaka 1958 hadi 1996, na matokeo yake yanastahili kukaliwa kwa muda. Mambo matatu yalijitokeza kuhusiana na ukubwa wa rika. Jambo la kwanza ni idadi ya wolai wakubwa wenyewe, lakini kwa namna iliyo kinyume na matarajio ya wengi: wakubwa walipokuwa wengi, vifaranga vilivyofika vuli vilikuwa vichache. Ukilifikiria jambo hilo huoni ajabu, kwa kuwa wolai hula wolai, na kwa kuwa majike machache tu yanatosha kumwaga mayai kuliko yale ambayo mawe ya ziwa dogo yanaweza kuyahifadhi. Jambo la pili ni joto la maji la mwezi Mei. Si kwamba Mei ya baridi ilikuwa mbaya na Mei ya joto ilikuwa njema. Lililodhuru ni joto lililoyumba, siku chache za vuguvugu zikifuatwa na baridi ya ghafla, hivi kwamba vifaranga huanguliwa huku planktoni ikiwa imechelewa, au baridi ikavikuta vingali dhaifu. Jambo la tatu ni pechi wa manjano. Samaki huyo ni chakula kikuu cha wolai mkubwa, lakini pechi ambaye wolai wa miaka mitatu humfukuza alikuwa miezi michache nyuma akimmeza mdogo wake wolai, au akimnyang'anya planktoni. Mlaji na mliwaji hubadilishana nafasi kadiri wanavyokua.

Katika mambo hayo yote matatu hamna hata moja linaloonyesha kwamba ziwa lilipungukiwa na mayai. Hapo ndipo upandikizaji unapopata mtihani wake mgumu, kwa sababu kitu ambacho kituo cha kutotolesha vifaranga hukifanya vizuri zaidi kuliko ziwa ni kuanguliwa kwa mayai. Utaalamu wenyewe ni wa kupendeza kuutazama. Mwezi Aprili, mara barafu inapoondoka, wafanyakazi huweka nyavu za mtego kwenye fukwe za kuzalia na kuwatoa majike waliokomaa. Mfanyakazi humshika jike, akamminya tumbo taratibu kuelekea nyuma, na mayai yakatiririka kwenye bakuli kama uwele uliochemshwa. Shahawa za madume kadhaa huongezwa, mchanganyiko ukakorogwa kwa wepesi, mara nyingi kwa unyoya wa ndege, kwa sababu kitu kigumu kingeyapasua mayai. Yai la wolai hunata, kwa hiyo udongo laini wa mfinyanzi huongezwa ili yasishikane na kuoza mabonge kwa mabonge. Kisha huwekwa kwenye mitungi ya kioo ambayo maji huingia kutoka chini na kuyazungusha polepole usiku na mchana. Lita moja ya mayai ina zaidi ya laki moja. Siku ikifika, vifaranga huogelea juu, vikachukuliwa na maji hadi kwenye tangi, na katika siku chache zinazofuata ni lazima viwe vimekwisha kupelekwa ziwani au kwenye mabwawa ya kukuzia.

Sehemu kubwa ya mayai hayo huanguliwa, ilhali ziwani ni sehemu ndogo sana inayofika hapo. Lakini kifaranga cha milimita 8 kinachomwagwa Mei katika ziwa lenye joto linaloyumba na pechi wenye njaa kinakuta balaa ile ile ambayo ndugu zake waliozaliwa maweni wameikuta. Kituo kimekivusha mto wa kwanza na kukiacha kwenye ukingo wa wa pili.

Ndiyo maana wasimamizi wa Wisconsin walisogea hatua kwa hatua kuelekea samaki wakubwa zaidi. Kuna kifaranga kidogo cha Juni, chenye sentimita 3 hadi 5, kilichokuzwa bwawani kwa planktoni. Na kuna kifaranga kikubwa cha vuli, chenye sentimita 15 hadi 20, ambacho kimelishwa samaki wadogo majira yote ya joto. Hiki cha mwisho kimevuka hatari nyingi, lakini bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya kile kidogo, kwa sababu wolai asiyeshiba humla mwenzake na kwa hiyo chakula hakikosi kutolewa hata siku moja. Mwaka 2013 jimbo lilianzisha mpango mkubwa wa kuzalisha vifaranga vya vuli, na kiwango cha kawaida kimekuwa karibu samaki 10 kwa ekari, kwa zamu ya mwaka mmoja kuwekwa na mwaka mmoja kuachwa. Kwa ziwa lenye ukubwa wa Escanaba hiyo ingekuwa samaki wasiofika 3,000 kwa mara moja, idadi ambayo mwananchi aliyezoea kusikia mamilioni huiona ndogo. Si ndogo hata kidogo. Maziwa ya eneo hilo yanayojizalia vizuri huwa na wolai wakubwa wapatao 3 au zaidi kwa ekari, na yale yanayoishi kwa kupandikizwa kwa kawaida hufikia kama nusu ya hapo.

Zamu ya mwaka kwa mwaka ina sababu ambayo haielezwi vya kutosha kwa umma. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa maziwa ya Minnesota, jimbo jirani, ulioonyesha kwamba kupandikiza kuliongeza wolai katika maziwa ambayo hayakuwa na uzazi wa asili, lakini hakukuongeza kitu cha kuonekana katika maziwa yaliyokuwa yanajizalia. Aidha, rika lililopandikizwa liliyapunguza marika yaliyolitangulia au kulifuata kwa karibu. Samaki waliopandikizwa hawaingii kwenye nafasi tupu. Wanakula, wanashindana, na wale wa mwaka jana huwala wa mwaka huu. Tafsiri yake kwa ziwa kama Escanaba ni nzito. Kumwaga vifaranga katika ziwa linalojizalia si zawadi isiyo na hasara. Katika hali nzuri ni fedha iliyopotea, na katika hali mbaya ni kuwabadilisha watoto wa ziwa kwa watoto wa mtungi, ambao wazazi wao wamechaguliwa kwa wepesi wa kunaswa mtegoni, si kwa kulifaa ziwa hilo. Kwa sababu hii Wisconsin hujitahidi kuchukua mayai ndani ya bonde lile lile la mto ambamo vifaranga vitarudishwa, na nadhani ni uamuzi wa busara kuliko mingi iliyofanywa katika kazi hii.

Msimamizi anajuaje, basi, kwamba kifaranga alichokiokota vuli kimezaliwa ziwani au kimeletwa na gari? Kwa macho hawatofautiani. Kifaranga kikubwa hukatwa pezi kabla ya kuachiwa. Kwa vile vidogo ipo njia ambayo mimi huiona kuwa miongoni mwa mbinu nzuri kabisa katika fani hii. Vifaranga huogeshwa kwa saa kadhaa katika maji yenye dawa ya oksitetrasaiklini, na dawa hiyo hujiunga na madini katika kijiwe cha sikio, ambacho hukua tabaka juu ya tabaka kama pete za mti. Miezi baadaye kijiwe hutolewa, husagwa hadi kikawa chembamba kama karatasi, kikawekwa chini ya hadubini yenye mwanga wa urujuanimno. Ikiwa samaki alitoka kituoni, pete nyembamba ya rangi ya dhahabu inawaka katikati ya giza. Ikiwa alizaliwa ziwani, hakuna kinachowaka. Jimbo linaloweza kufanya hivyo halina sababu ya kubahatisha, na jimbo linalopandikiza mwaka hadi mwaka bila kuweka alama yoyote limejinyima njia ya uhakika ya kujua kama kazi yake ina maana.

Kisa hiki hakikamiliki bila kuwataja wenye haki ya kwanza. Kwa mikataba ya mwaka 1837 na 1842 Waojibwe waliikabidhi Marekani ardhi ya kaskazini mwa Wisconsin lakini wakabaki na haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya humo, haki ambayo jimbo liliipuuza kwa vizazi hadi mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoithibitisha mwaka 1983. Miaka iliyofuata ilikuwa michungu. Waojibwe waliokwenda kuvua kwa mikuki usiku wa majira ya kuchipua walipokelewa kwenye maegesho ya boti kwa matusi na mawe, wakishutumiwa kwamba watamaliza wolai. Jibu la kudumu lilitokana na hesabu. Iliwekwa kanuni kwamba uvunaji wa pande zote mbili, mikuki na ndoana kwa pamoja, usizidi asilimia 35 ya wolai wakubwa wa ziwa kwa mwaka, na mgawo wa kila ziwa ukapangwa kwa tahadhari ili kikomo hicho kisivukwe isipokuwa kwa nadra sana. Kanuni ya namna hiyo haiwezi kuwekwa na mtu asiyejua ziwa lina samaki wangapi na wangapi hutolewa kila mwaka, na ni vipimo vya muda mrefu kama vya Escanaba vinavyowapa watu ujasiri wa kuweka kikomo. Waojibwe wa Lac du Flambeau nao wana kituo chao cha kutotolesha, kwa hiyo si sahihi kuwaonyesha kama watu wanaochukua tu.

Sasa nifike kwenye jambo linalofanya funzo la Escanaba kuwa la haraka zaidi kuliko lilivyokuwa miaka ya 1950. Tangu mwanzoni mwa karne hii maziwa kadhaa ya kaskazini mwa Wisconsin ambayo yalijizalia kwa miongo mingi yamepunguza au yameacha kutoa vifaranga vya wolai, wakati besi wa mdomo mpana na ndugu zake wadogo wameongezeka. Samaki hao hupenda maji ya vuguvugu yenye majani, dume hulinda kiota, na wanapokuwa wengi humeza au kuwashinda vifaranga vya wolai. Makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba idadi ya maziwa ya Wisconsin yanayofaa kwa wolai kujizalia, ambayo tayari ilikuwa chini ya asilimia 10, huenda ikashuka chini ya asilimia 4 ifikapo katikati ya karne, na maziwa makubwa ndiyo yenye nafasi nzuri ya kustahimili. Maziwa madogo, yaani yale yale ambayo jimbo huyasimamia kwa ajili ya mwananchi mwenye mtumbwi na ndoana moja, ndiyo yaliyo hatarini zaidi.

Katika ziwa jingine dogo la eneo hilo, McDermott, watafiti walijaribu kurudisha mizani kwa kuwaondoa samaki wa jamii ya besi kwa nguvu, miaka mfululizo, maelfu kwa maelfu. Pechi wa manjano waliitikia na kuongezeka. Wolai wachanga waliosubiriwa hawakuonekana. Silitaji jaribio hilo kama kushindwa, kwa kuwa lilifanywa kwa uangalifu na jibu lake ni la kweli. Linaonyesha kwamba ziwa likishahama kutoka hali moja kwenda nyingine, kumwondoa mshindani mmoja hakutoshi kulirudisha. Wasimamizi wa Wisconsin wenyewe sasa hupanga maziwa yao katika njia tatu: kuyapinga mabadiliko, kuyakubali, au kuyaelekeza. Upandikizaji wa vifaranga vya vuli ni namna ya kupinga, na katika maziwa kadhaa unatoa uvuvi mzuri unaostahili gharama yake. Ni lazima tu uitwe kwa jina lake, yaani kulisha kwa kijiko, na bajeti yake iandikwe kama bajeti ya chakula cha kila mwaka, si kama gharama ya mbegu itakayolipwa mara moja.

Escanaba yenyewe ilibadilishiwa utaratibu mwaka 2003. Baada ya miaka 57 ya kuachwa wazi, iliwekewa masharti makali, kwamba wolai wa kuchukuliwa awe na urefu usiopungua inchi 28, kama sentimita 71, ukubwa ambao ni wachache mno wanaoufikia, hivyo karibu kila wolai aliyenaswa alirudishwa majini. Lengo lilikuwa kuona ziwa lile lile likiishi chini ya hali iliyo kinyume kabisa, na hilo liliwezekana kwa sababu kibanda hakikufungwa na vipimo vilivyotangulia vilikuwapo vya kulinganishia.

Kwa msimamizi mwenye ziwa la ekari 80, ombi la wananchi mezani na tangi la vifaranga lililo tayari, ningependekeza utaratibu ufuatao, ambao ni wa polepole na huenda usimpendezee mwanasiasa wake. Aache kupandikiza kwa miaka miwili mfululizo. Katika kila vuli ya miaka hiyo apite ufukweni usiku kwa boti ya umeme, angalau mara moja maji yakiwa bado na joto la wastani, akahesabu vifaranga vya mwaka huo. Akiwakuta wa kutosha, asipandikize tena, na fedha aliyoiokoa aitumie kulinda mawe ya kuzalia yasifunikwe na tope linalotoka barabarani na kwenye mashamba. Akiwakosa, apime kwanza kama besi na krapi, ndugu yake mdogo, ni wengi, na kama maji ya chini hukosa hewa wakati wa joto kali. Hali zote mbili zikiwapo, wolai si samaki wa ziwa hilo, na wananchi waambiwe hivyo waziwazi na kupewa besi, ambao watazaa bila gari. Ikiwa wolai hawazai lakini wanakua vizuri, alete vifaranga vya vuli, 10 kwa ekari, mwaka mmoja na kuruka mmoja, kila kimoja kikiwa kimekatwa pezi. Na pale ufukweni, hata kama ni meza moja na daftari moja siku za Jumamosi, aweke mtu wa kupima samaki wanaoondoka, na kuandika ni wangapi wana pezi lililokatwa.